Redio iliyozimwa bado inakula? Usingizi wa chipu na bei ya betri Butembo na Beni

Redio ndogo imezimwa Jumapili, haikuguswa juma zima, na Jumapili inayofuata haiwaki. Muuzaji analaumu betri: ni feki. Fundi analaumu redio: vitu vya dijitali ndivyo vilivyo, havizimiki. Mteja anayejua kidogo mambo ya simu anabisha kwamba chipu za siku hizi zina hali ya usingizi, kwa hiyo haziwezi kumaliza betri. Wa nne anawacheka wote, maana yeye husikiliza redio kwenye simu.

Wote wanne wana kipande cha ukweli. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anatazama sehemu nyingine ya saketi. Uchambuzi huu unazifuata hoja zao moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye chipu yenyewe ya kupokea mawimbi hadi kwenye vitu vinavyoizunguka, na hapo ndipo penye kesi.

Uzito wa jambo

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, zimeachana kwa kilomita 54 hivi, na redio hufika mahali ambapo barabara imefungwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina karibu na Beni, ulikwisha rasmi tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika miezi hiyo uvumi ulikwenda mbio kuliko magari ya afya, na stesheni za FM zilikuwa miongoni mwa njia chache za kuufukuzia. Radio Okapi iko hewani tangu Februari 2002; Radio Moto ni ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni. Ongeza mauaji ya raia wilayani Beni tangu Oktoba 2014, na familia zilizokimbilia Lubero na Butembo baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024. Kwa watu hao habari ya njia ipi ni salama haingoji mtu apate betri.

Upande wa umeme, mtambo wa maji wa Mutwanga chini ya Ruwenzori ulianza kuzalisha mwaka 2013, na nguzo zimekuwa zikisogea polepole. Hata hivyo Butembo, pamoja na biashara yake yote inayofika Dubai na Guangzhou, iliishi miaka mingi kwa jenereta na paneli za jua, na vijijini hali bado ni hiyo. Umeme wa kaya nyingi hununuliwa kwa vipande: jozi ya mawe ya redio leo, chaji ya simu kibandani kesho. Anayenunua hivyo huona kila miliamperi inayopotea, hata kama haiiti kwa jina hilo.

Chipu inavyolala

Chipu ya kupokea FM ya aina ya dijitali ina kazi chache tu: kukuza mawimbi yanayotoka kwenye antena, kuchagua masafa kati ya megahezi 87.5 na 108, kuyageuza kuwa sauti, na kupokea amri kutoka kwa chipu nyingine inayosoma vitufe. Amri hizo huandikwa kwenye rejista, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu, na biti chache za rejista ndizo swichi halisi ya redio. Katika TEA5767 ya Philips, ambayo imetumika duniani kote katika simu na redio za bei nafuu, biti moja huitwa ya kusubiri: ikiwekwa 1, chipu inalala. Si4703 ya Silicon Labs hailali kwa biti moja. Biti ya kuwasha na biti ya kuzima lazima ziandikwe 1 kwa pamoja, ndipo chipu ijifunge kwa utaratibu. RDA5807 ya Kichina, ambayo leo imejaa kwenye vikasha vya redio vya kadi ya memori, nayo ina biti yake ya kuwasha.

Ikiwa macho, chipu ya namna hii hutumia miliamperi 12 hadi 20 hivi. Ikilala hutumia makumi ya maikroamperi au pungufu. TEA5767 iliyolala huvuta maikroamperi 60 hivi. Chukua betri ya BL-5C, ile ya simu za zamani za Nokia ambayo sasa huendesha redio nyingi ndogo, yenye miliamperi-saa 1,000 hivi. Kwa mkondo huo ingechukua karibu miaka 2 kuisha, na kabla ya hapo ingekuwa imekufa kwa uzee wake. Kwa kipimo hiki yule mteja yuko sawa, na fundi anayesema dijitali haizimiki anaisingizia chipu.

Kati ya kulala na kuwa macho kuna hali nyingine zinazochanganya watu. Kunyamazisha ni mojawapo. Sauti inakatwa, lakini kila kitu kingine kinaendelea kupokea, na matumizi ya chipu hayapungui kwa kiasi cha maana. Redio ambayo kitufe chake cha kuzima kimeprogramiwa kunyamazisha tu itaonekana imezimwa huku ikifanya kazi usiku kucha. Ya pili ni kutafuta stesheni. Wengi huamini kwamba kutafuta ndiko kunakomaliza betri, kwa kuwa redio inaonekana inahangaika. Si4703 huhitaji si zaidi ya milisekunde 60 kwa kila hatua, kwa hiyo kupita bendi yote kwa hatua za kilohezi 100 ni sekunde 12 tu, tena kwa mkondo ulio karibu sawa na wa kawaida. Kinachokula wakati huo ni taa ya kioo iliyowaka, kama ipo. Ya tatu ni mono badala ya stereo: haiokoi betri kwa kiasi kikubwa, lakini kwenye mabonde ya Lubero ambako mawimbi hufika yamechoka, huondoa mkwaruzo wa kelele kwa namna inayosikika mara moja. Redio yenye spika moja haina sababu ya kubaki kwenye stereo.

Jambo ambalo chipu ya FM haiwezi ni kusinzia katikati ya kusikiliza. Simu ya mkononi hukaa siku nyingi kwa chaji moja kwa sababu mnara huipa miadi: lala, amka nukta hii usikilize kama unaitwa, lala tena. Matangazo ya FM hayana miadi. Sauti ni mfululizo, na mpokeaji akifumba jicho anapoteza neno. Ndiyo maana kila hila ya kuokoa umeme katika redio huishia kwenye mambo mawili: kutumia kidogo inapokuwa macho, na kulala kweli inapozimwa.

Wanaotetea redio ya kisahani

Hoja ya wazee wa redio ya kuzungusha kisahani ni rahisi na ina nguvu. Swichi iko kwenye kitufe cha sauti; ukizungusha hadi ilie "tak", waya wa betri umekatika. Matumizi ni sifuri. Hakuna rejista, hakuna programu ya ndani ya kukosea.

Wana hoja ya pili ambayo huzungumzwa mara chache ingawa kwa maeneo haya ni nzito zaidi: volti. Betri mbili za kawaida za zinki na kaboni, kama zile kubwa za Tiger Head, huanza na volti 3 au zaidi kidogo na kushuka taratibu hadi karibu volti 2. Chipu ya analogi kama CXA1191 ya Sony hufanya kazi hadi volti 2, na TDA7088, iliyozaliwa katika ukoo wa TDA7000 ya Philips ya mwaka 1983, hushuka hadi 1.8. Tena hutumia miliamperi 5 tu hivi. Sauti hufifia, mtu huweka betri juani, husikiliza siku nyingine mbili. TEA5767 inataka angalau volti 2.5. Ikifika hapo haififii, inakata, na betri zinatupwa zikiwa bado na chakula ambacho redio ya kisahani ingekila. Anayesema redio mpya "zinakula" huenda anaona hili tu: redio imeacha mabaki mengi kwenye sahani.

Udhaifu wao nao si mdogo. Redio ya kisahani huhama masafa joto linapobadilika, na stesheni mbili zilizo jirani hupandana. Kisahani chenyewe huchoka. Mtu anayetafuta stesheni hafifu gizani, kwa sauti ndogo ili asisikike nje, hupata taabu ambayo chipu ya dijitali, iliyofungwa kwenye kristali ya kilohezi 32.768, haina: inakwenda kwenye namba na kukaa hapo.

Wanaotetea chipu

Watetezi wa dijitali husema kumbukumbu ya stesheni, saa, na kengele ya kuwaka yenyewe wakati wa habari ni faida zenye thamani kuliko maikroamperi chache. Kwa msikilizaji wa taarifa mbili kwa siku, redio inayowaka kwa dakika 30 na kulala tena inaokoa betri kuliko ya kisahani iliyosahauliwa ikinguruma mchana kutwa. Hoja hii ni ya kweli mradi usingizi uwe wa kweli.

Hapo ndipo inapoyumba. Kumbukumbu inahitaji umeme usiokatika kwa chipu inayosoma vitufe, isipokuwa mtengenezaji ameweka memori ya kudumu, ambayo huongeza gharama kidogo. Na chipu nyingi zinahitaji kuamshwa kwa utaratibu. Si4703, kwa mfano, huchagua lugha ya mawasiliano yake pale tu inapoachiliwa kutoka kwenye hali ya kuanza upya. Betri ikishuka katikati, ikapanda, ikashuka tena, kama inavyotokea kwa paneli ndogo chini ya mawingu, redio inaweza kuganda: kioo kinawaka, vitufe havijibu. Kuitoa betri na kuirudisha huiponya. Watu huona kama muujiza, kumbe ni kuilazimisha chipu ianze upya kwa utaratibu ambao programu iliuruka.

Mwizi yuko nje

Redio nyingi za bei ya chini huwa na betri ya volti 3.7 au ingizo la volti 5 kutoka kwenye USB, wakati chipu nyingi hutaka volti 3.3 au chini yake. Kati yao huwekwa kidhibiti cha volti. Kinachopatikana kila mahali ni AMS1117. Ni cha bei ya karanga, kinavumilia mengi, na chenyewe kinakula miliamperi 5 hivi hata kama hakuna anayekitumia. Weka hesabu: chipu imelala kwa maikroamperi 60, mlangoni kwake mlinzi anakula mara 80 zaidi. Miliamperi 5 kwa saa 24 ni miliamperi-saa 120. BL-5C yenye 1,000 inaisha kwa siku 8. Ongeza taa nyekundu ya miliamperi 2, siku zinakuwa 6. Redio iliyozimwa Jumapili na kufa Jumapili inayofuata imeelezwa bila betri feki na bila uchawi wa dijitali.

Kuna vidhibiti vingine. HT7333, kwa mfano, huvuta maikroamperi chache tu katika hali ya utulivu. Tofauti ya bei kati ya viwili hivi ni ndogo sana kiwandani. Lakini redio huuzwa kwa sauti kubwa, taa nyingi na kadi ya memori. Hakuna kikasha kinachoandikwa kiasi cha umeme kinacholiwa kikiwa kimezimwa, na kitu kisichoandikwa kwenye kikasha hakimsumbui mtengenezaji.

Mshukiwa wa pili ni amplifaya ya spika. Ile ya PAM8403, inayopatikana kwenye spika ndogo nyingi, ina mguu maalumu wa kuilaza, na ikilazwa huvuta chini ya maikroamperi 1. Mguu huo ukiunganishwa moja kwa moja na umeme ili kuokoa waya mmoja, amplifaya inabaki macho na kula miliamperi kadhaa bila kutoa sauti yoyote. Wa tatu ni chipu inayosoma vitufe, ambayo ikiandikiwa programu kizembe huzunguka usiku kucha ikiuliza "nimebonyezwa?" badala ya kulala na kungoja kuamshwa.

Amplifaya hiyohiyo ndiyo mlaji mkubwa redio inapokuwa macho. Sauti ya wastani ya robo wati kwenye spika huvuta miliamperi 80 hivi kutoka kwenye betri ya volti 3.7. Jumlisha chipu na kidhibiti, unapata karibu 100: saa 10 za kusikiliza. Kwa vipokea sauti vya masikioni matumizi yote hushuka hadi 20 au 25, na saa zinafika 40. Redio ikiwa macho, hakuna hali ya chipu, hata ya kisasa kiasi gani, inayoweza kutoa akiba ya mara 4. Vipokea sauti vya masikioni vinaweza.

Na muuzaji anayelaumu betri? Ana sehemu yake. Betri za zinki za ubora duni zipo, na betri ikivutwa polepole hadi mwisho kisha ikaachwa ndani huvuja na kuozesha vyuma vya kushikilia. Uvujaji huo mara nyingi ni tokeo la kuvutwa kwa siri, si chanzo chake.

Vipi kuhusu simu?

Simu ndogo za Itel na Tecno zina FM ndani ya chipu kuu, waya wa masikioni ukiwa ndio antena. Kwa mwenye simu tayari, redio hiyo ni ya bure, na kioo kikizimwa haili sana. Mlaji mkubwa ni upande wa mtandao: simu iliyo bondeni, inayohangaika kutafuta mnara wa mbali, humaliza chaji kuliko FM yenyewe. Katika simu nyingi FM huendelea hata katika hali ya ndege, na kwa msikilizaji wa kijijini hiyo ndiyo hali bora. Hasara yake ni kwamba ukimaliza chaji kwa kusikiliza, umepoteza pia njia ya kupiga simu ya dharura na pesa iliyo kwenye simu.

Redio ya intaneti ni jambo tofauti kabisa, na kuitia katika kundi moja ndiko kunakomkoroga yule wa nne. Inahitaji mega, mnara na modemu iliyo kazini muda wote. Tena inaweza kukatwa na serikali. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao wapiga kura wa Beni na Butembo waliondolewa kwa kuahirishiwa hadi Machi 2019, intaneti ilifungwa nchini kwa wiki karibu 3. FM haikuwa na kinga kamili, kwa kuwa matangazo ya redio ya Ufaransa, RFI, nayo yalikatwa, lakini stesheni zenye mnara wao mjini ziliendelea kusikika kwa yeyote mwenye chipu ya faranga chache na betri mbili.

Kuna jambo moja ambalo redio ndogo ingeweza kulifanya na simu ya FM haifanyi: kuamka kwa tahadhari. Mfumo wa RDS hubeba data pembeni ya sauti, kundi moja kila milisekunde 88 hivi, na una nafasi iliyotengwa kwa maonyo ya dharura. Chipu inayolala na kuamka sekunde 5 kila dakika ingekula miliamperi-saa 24 tu kwa siku, dhidi ya 288 ikikesha. Kiufundi hakuna kigumu. Ugumu uko kwa nani atakayeshika kitufe cha onyo katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na nini kitatokea onyo likiwa la uongo. Hata hivyo kwa wilaya ya Beni wazo hili lina maana kuliko spika yenye taa za disko.

Kupima

Kwa mtu wa kijijini asiye na paneli, anayetumia betri za zinki na kusikiliza kwa spika, redio ya kisahani bado inashinda, kwa sababu ya volti kuliko kwa sababu ya swichi. Kwa mwenye paneli ndogo na betri ya lithiamu, chipu ya dijitali ni bora, kwa sharti moja: iwe na swichi ya kusukuma inayokata betri kabisa. Zipo redio za namna hii, zikichanganya masafa yaliyotulia na uzimaji wa zamani, na kupoteza stesheni zilizohifadhiwa kila zinapozimwa ni gharama ndogo mahali penye stesheni chache zinazosikilizwa kila siku. Zenye kitufe cha kubonyeza peke yake zinafaa kwa anayezitumia na kuzichaji kila siku. Kwa anayeziweka akiba ya siku mbaya hazifai, maana siku hiyo zitakutwa tupu. Simu ibaki redio ya pili.

Fundi wa Butembo hahitaji kubishana na mteja juu ya chipu. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye miliamperi, katikati ya betri na redio iliyozimwa, hutoa jibu kabla chai haijapoa. Ikisoma chini ya 0.1, lawama irudi kwa betri. Ikisoma 5 au 7, kidhibiti kibadilishwe, au kwa gharama ndogo zaidi waya wa betri ukatwe na kupitishwa kwenye swichi ndogo ubavuni mwa kikasha. Ikisoma zaidi ya 12, huenda redio hiyo haijazimwa kabisa: imenyamazishwa tu, na programu yake haina tiba nyingine isipokuwa swichi ileile.